Nakala ya Akiba Ipo, Lakini Je, Inafunguka?



Kwa kawaida ukurasa huu huwaletea habari za visima vilivyochimbwa, miche iliyopandwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Robo hii tumeona ni vema tuwaeleze kazi moja ambayo haipigwi picha wala haizinduliwi na mgeni rasmi, nayo ni utunzaji wa kumbukumbu za miradi yenu katika kompyuta za ofisi kuu. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu hizo ni zenu: majina ya wanachama wa VICOBA, hisa walizonunua, mikopo waliyochukua, ada za watoto wanaosomeshwa, na mahesabu ya kila shilingi iliyotumwa na wafadhili. Pili, tuligundua kwamba kwa wiki kadhaa tulikuwa tukiamini tuna nakala za akiba, kumbe hatukuwa nazo. Hakuna kilichopotea, lakini tungeweza kupoteza. Tumeona ni haki mlijue jambo hili kutoka kwetu wenyewe.

MAMBO YALIVYOKUWA

Programu zetu za kumbukumbu hazikai tena ndani ya kompyuta moja. Zinaendeshwa na kundi la seva 3 zinazofanya kazi kama seva moja. Wataalamu huliita klasta. Kila programu imefungwa pamoja na vifaa vyake katika kifurushi kinachoitwa kontena. Seva moja ikizima, kontena huhamishiwa seva nyingine na kazi huendelea. Anayepanga kontena lipi likae wapi ni programu iitwayo Kubernetes, ambayo kampuni ya Google iliitangaza mwaka 2014. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani.

Kwa ajili ya nakala za akiba tuliweka programu ya Velero, ambayo hutolewa bure. Ilianza mwaka 2017 kwa jina la Ark, ikabadilishwa jina mwaka 2019. Velero kwa Kihispania ni chombo cha matanga. Kazi yake ni kuzunguka klasta kwa muda uliopangwa, kukusanya maelezo ya programu zote pamoja na data zake, na kuvipeleka katika hifadhi iliyo nje.

Tuliiweka, tukaipangia kazi ya kila usiku, na kila asubuhi ilituandikia neno «Completed», yaani imekamilika. Safu ya makosa ilisoma sifuri. Tukaridhika.

Kabla ya kufunga mahesabu ya robo, tuliamua kufanya zoezi: turudishe nakala ya usiku uliopita katika eneo la majaribio, pembeni ya programu halisi. Programu ilifunguka vizuri. Tukaingia kwa nywila zetu. Tukafungua orodha ya wanachama, na orodha ilikuwa tupu. Hapakuwa na jina hata moja. Velero ilikuwa imehifadhi nyumba nzima, milango na madirisha, bila kuchukua kilichokuwamo ndani.

Sababu ilikuwa imeandikwa kila asubuhi katika safu nyingine ambayo hatukuwa tukiisoma, yaani safu ya maonyo. Onyo lilisema kwamba diski ya hifadhidata ni ya aina ambayo Velero haiwezi kuinakili, na kwa hiyo imeirukia. Kwa Velero hilo halikuwa kosa, hivyo kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika.

SI SISI PEKE YETU

Jambo kama hili limewapata hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta data za seva kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Walipokimbilia nakala zilizopaswa kupelekwa kila siku katika hifadhi ya nje, walikuta hakuna kitu. Kifaa cha kutoa nakala kilikuwa cha toleo lisilolingana na hifadhidata yao, kwa hiyo kilikuwa kikishindwa siku zote. Barua pepe za kuwajulisha kwamba kimeshindwa nazo zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na nakala ya diski ambayo mfanyakazi wao aliichukua muda wa saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli nyingine. Kilichoingizwa katika saa hizo kilipotea. Kampuni hiyo iliandika habari yote hadharani, na sisi tumejifunza kutoka kwake.

MAKOSA YANATOKEA WAPI?

Mafundi wetu wamepitia mipangilio yote upya. Wamegundua kwamba makosa mengi hayatokani na programu yenyewe bali na maelezo tunayoipa kuhusu hifadhi. Ili tueleweke, tuchukue mfano wa mtumishi anayetumwa kupeleka magunia ya mahindi ghalani. Anahitaji kujua mambo manne: ghala liko wapi, anao ufunguo, anaruhusiwa kuweka mzigo humo, na ni magunia yapi ayachukue. Akikosea moja, mzigo haufiki.

1. Ghala liko wapi?

Hifadhi nyingi za nje hufuata lugha ya S3, iliyoanzishwa na kampuni ya Amazon mwaka 2006. Data huwekwa katika vyombo vinavyoitwa ndoo, na kila ndoo ina jina lake. Velero haitengenezi ndoo. Inataka kuikuta ipo. Jina likikosewa kwa herufi moja, hifadhi hujibu kwamba hakuna ndoo ya jina hilo.

Wanaotumia hifadhi ya Amazon yenyewe hutaja jina la ndoo na kanda yake. Anayetumia seva yake mwenyewe inayofuata lugha ya S3, kama sisi, lazima ataje pia anwani kamili ya seva hiyo. Vilevile lazima aweke sharti kwamba jina la ndoo liandikwe baada ya anwani, si mbele yake. Sharti hilo huitwa «s3ForcePathStyle». Likisahaulika, Velero huunganisha jina la ndoo na jina la seva, ikaenda kutafuta seva ambayo haipo kabisa. Ukiona ujumbe kwamba jina la seva halijulikani, na ndani ya jina hilo umo jina la ndoo yako, basi tatizo ni hilo.

Hapa pia tuliwahi kukwama kwa alama ndogo. Thamani ya sharti hilo huandikwa «true» ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu programu inataka maandishi. Aidha, faili za mipangilio hii hupangwa kwa nafasi mwanzoni mwa mstari. Nafasi mbili zikizidi au zikipungua, mstari huhesabiwa kuwa wa sehemu nyingine. Macho hayaoni tofauti, lakini kompyuta inaiona.

2. Ufunguo ni sahihi?

Ufunguo wa hifadhi una sehemu mbili, jina na siri. Huandikwa katika faili dogo, na Kubernetes hulitunza kama siri ya klasta. Makosa ya hapa hutambulika kwa jibu la hifadhi. Ikisema jina la ufunguo halijulikani, jina limekosewa au ufunguo umefutwa. Ikisema saini hailingani, mara nyingi ni siri iliyonakiliwa vibaya, labda ikaachwa herufi ya mwisho. Velero ikisema haikupata ufunguo wowote, basi faili halikufika mahali linapotarajiwa, au kichwa chake cha juu, neno «default» ndani ya mabano ya mraba, kimesahaulika.

Kuna kosa jingine linaloshangaza wengi, nalo ni saa. Hifadhi ya S3 ya Amazon hukataa ombi ikiwa saa ya seva yako inapishana na yake kwa zaidi ya dakika 15. Seva iliyozimika kwa kukatika umeme na kuwaka ikiwa na saa isiyo sahihi inaweza kukataliwa hata kama ufunguo ni mzuri. Dawa yake ni kuhakikisha seva zote zinasahihisha saa zenyewe kupitia mtandao.

Kama hifadhi yako inatumia cheti cha usalama ulichojitengenezea, Velero itakataa kuzungumza nayo mpaka uipe cheti cha aliyekisaini. Upo uwezekano wa kuiamuru isikague cheti, lakini hatushauri. Ni sawa na kumkabidhi mzigo mtu yeyote atakayesema yeye ndiye mwenye ghala.

3. Anaruhusiwa kuweka mzigo?

Ufunguo unaweza kuwa sahihi lakini haki zake zikawa pungufu: kusoma unaruhusiwa, kuandika hapana. Kwa upande wa Velero nako, eneo la hifadhi linaweza kuwekwa katika hali ya kusomwa tu. Hali hiyo hutumika wakati wa kurejesha data ili nakala zisiguswe. Fundi akisahau kuiondoa baada ya kazi, nakala za usiku unaofuata hukataliwa.

Kuna pia suala la kuchanganya mizigo. Velero inapokagua ndoo na kukuta folda ngeni katika ngazi ya juu, hukataa kuitumia. Sisi tulikuwa tumeweka humo picha za miradi. Iliyofaa ilikuwa kuipa Velero ndoo yake peke yake, au folda yake maalumu iliyotajwa katika mipangilio.

Mengi ya mambo haya yanaweza kukaguliwa kwa amri moja, «velero backup-location get». Ikijibu «Available», ghala limefikiwa. Ikijibu «Unavailable», hakuna haja ya kusubiri usiku, nakala haitafanikiwa. Velero yenyewe hurudia ukaguzi huo kila dakika moja isipopangiwa vingine.

4. Ni magunia yapi yachukuliwe?

Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Ghala likipatikana, bado Velero inahitaji kujua namna ya kunakili diski za data. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba hifadhi yenyewe ipige picha ya diski kwa wakati mmoja. Hii inawezekana pale tu hifadhi inapokuwa na uwezo huo na kiunganishi chake kimewekwa. Ya pili ni kusoma mafaili moja moja na kuyapeleka ghalani. Kwa njia hii ya pili, Velero isipoagizwa kuchukua diski zote, huchukua zile tu zilizowekewa alama.

Njia ya pili ina mpaka wake: haikubali diski ambayo kwa kweli ni folda tu ya seva iliyoazimwa kwa kontena. Watu hupenda aina hiyo kwa sababu ni rahisi na haina gharama. Hifadhidata yetu ilikuwa juu yake. Ndiyo maana tulipata nyumba bila vyombo.

Tulitatua kwa hatua mbili. Tulihamisha hifadhidata katika diski ya kudumu ya aina inayokubalika. Kisha tuliamuru kwamba, dakika chache kabla ya Velero kuanza, hifadhidata itoe nakala yake yenyewe katika faili, na faili hilo liingie katika mzigo. Hatua hii ya pili ni muhimu, kwa kuwa kunakili mafaili ya hifadhidata wakati watu wanaandika ndani yake kunaweza kutoa nakala iliyovurugika.

DISKI INAPOGOMA WAKATI WA KUREJESHA

Zipo hitilafu zinazojitokeza siku ya kurejesha tu, hasa katika klasta mpya. Kontena huomba diski kwa kutaja daraja la hifadhi, kama vile mtu anavyoomba gunia la kilo 50 na si la kilo 100. Kama klasta mpya haina daraja la jina hilo, ombi hubaki «Pending», yaani linasubiri, na programu haiwaki. Dawa yake ni kuiandikia Velero orodha ya kubadilisha: daraja la zamani liitwe hivi katika klasta mpya. Inafaa kujua pia kwamba baadhi ya madaraja husubiri makusudi mpaka kontena lenyewe lianze, kwa hiyo kusubiri si kosa siku zote. Amri ya «kubectl describe pvc» itakuambia sababu.

Jambo la mwisho ni muda. Usipotaja muda, Velero hutunza kila nakala kwa siku 30 kisha huifuta. Sisi tunaotoa taarifa kila baada ya miezi 3 tungefika siku ya ukaguzi tukiwa hatuna nakala ya mwanzo wa robo. Sasa nakala za kila usiku zinatunzwa siku 30, na nakala ya mwisho wa kila mwezi inatunzwa zaidi ya mwaka.

UTARATIBU WETU WA SASA

Kuanzia robo hii tunafuata mambo haya:

- Kila asubuhi mtumishi mmoja anasoma safu zote mbili, ya makosa na ya maonyo. Onyo lolote linaandikwa katika daftari na kutafutiwa sababu siku hiyohiyo.

- Kila mwezi tunarejesha nakala moja katika eneo la majaribio. Tunahesabu wanachama na kulinganisha na programu halisi. Hesabu zisipolingana, nakala hiyo haihesabiwi kuwa nakala.

- Tunafuata kanuni ya 3-2-1: data ziwe katika nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine kabisa. Nakala iliyo katika klasta ileile inayohifadhiwa haitasaidia jengo likiungua au mwizi akiingia.

- Nakala inayotoka nje ya ofisi inafungwa kwa ufunguo wa siri. Majina na madeni ya watu si mambo ya kuachwa wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo. Ufunguo wenyewe unatunzwa na watu wawili, pembeni ya klasta, kwa kuwa ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake haumfai mtu.

OMBI LETU KWENU

Kwa kamati za parokia: tafadhali msitupe madaftari. Kompyuta haijaja kuyafuta bali kuyasaidia. Siku ile tulipokuta orodha tupu, jambo lililotutuliza ni kujua kwamba kila kikundi bado kina daftari la hisa lililosainiwa na mweka hazina. Vilevile, mkija ofisini tuulizeni swali moja: «Mara ya mwisho mlirejesha nakala lini, na mlikuta nini?» Swali hilo halihitaji utaalamu wa kompyuta. Tukishindwa kulijibu kwa tarehe, mna haki ya kutubana.

Kwa wafadhili: tunafahamu kwamba ni rahisi zaidi kuchangia kisima kuliko diski. Hata hivyo, mwanamke aliyeweka akiba yake kwa miaka katika kikundi anategemea kwamba siku ya mgao jina lake litakuwepo na hesabu yake itakuwa sahihi. Diski ya nakala, na muda wa fundi wa kuijaribu kila mwezi, ni sehemu ya kutunza amana hiyo. Katika bajeti zijazo mtaona kifungu cha kazi hii kikiandikwa waziwazi, badala ya kufichwa ndani ya gharama za ofisi.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Ya kwetu ilikuwa karibu kuoza bila sisi kusikia harufu, kwa sababu tulisoma neno «imekamilika» tukafunga daftari. Sasa tunalifungua kila mwezi. Matokeo ya majaribio ya kurejesha tutayachapisha katika kila toleo la jarida hili, yawe mazuri au mabaya, karibu na taarifa ya fedha.